Vichochoro Alivyotupitisha Mjomba Prosper

Juzi niliunguza sukari jikoni. Nilikuwa nimeiweka kwenye sufuria ndogo nipate rangi ya keki, simu ikaita, na niliporudi ilikuwa imeshakuwa nyeusi na nyumba nzima inanukia. Nilizima jiko, nikafungua dirisha, kisha badala ya kusugua sufuria nikajikuta nimekaa. Wenzangu mliokua Glenwood mtasema harufu hiyo ni ya Durban yetu, ya zile siku za joto ambapo upepo ulipanda kutoka kwenye maghala ya sukari bandarini, ukaingia madirishani pamoja na unyevu. Kwangu mimi ni ya Brussels. Ni ya kigari cha bati kwenye kona ya uwanja wa mawe, kinachouza ile mikate ya vishimo vya miraba wanayoiita gofri. Mvua nyembamba inanyesha, na mjomba wangu Prosper ananifuta kidevu kwa leso yake huku akisema, "Kula, ingali ya moto."

Nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele. Baba alikuwa Mtanzania, mtu wa Tabora, aliyekuja Durban kufundisha hisabati chuo kikuu. Mama alikuwa mtu wa Bukavu, Kongo. Walikutana Dar es Salaam alipokwenda kusomea uuguzi, wakaoana huko, na ndiyo maana yeye alisafiri kwa pasipoti ya Tanzania wakati Wakongomani wengi tuliowajua hawakuwa na pasipoti ya nchi yoyote. Durban hakupata kazi ya uuguzi, akawa anasuka nywele za wanafunzi sebuleni kwetu. Kiswahili cha nyumbani kilikuwa cha aina mbili. Baba alisema mahali, mama alisema fasi. Baba alisema yupo, mama alisema iko. Mimi nilichanganya vyote, nikaongeza Kiingereza cha shule na Kizulu cha mtaani, na hakuna aliyenikosoa.

Mambo yalianza Jumapili moja mchana, alipokuja mgeni kutoka Bukavu. Alikuwa kijana mwembamba aliyepita Tanzania na Msumbiji kwa malori, na mtu fulani mjini alimwelekeza kwetu kwa kuwa alilijua jina la ukoo wa mama. Mama alimpakulia ugali na samaki mkubwa aliyekuwa wa baba. Mimi nilikuwa nimetumwa barazani kuwafukuza tumbili wasiingie jikoni kuiba ndizi, lakini dirishani niliona kila kitu. Mgeni aliongea kwa sauti ya chini huku akiangalia sahani. Mama alikuwa amesimama kwenye sinki, amempa mgongo, anaosha kikombe. Alikiosha kikombe kile muda mrefu sana. Kisha akauliza jambo moja tu, mgeni akatikisa kichwa, na mama akaendelea kuosha. Niliamini amekasirika kwa sababu mgeni amemaliza samaki. Nilimchukia yule kijana kwa siku nyingi, kwa ajili ya samaki.

Haikupita wiki nikawasikia wazazi wakiongea. Nilikuwa kwenye ngazi za nyuma nafanya kazi ya shule, wao wako ndani.

"Mpigie simu," baba alisema. "Si kuna ile namba ya dukani kwa yule mama? Watamwita."

"Habari kama hii siwezi kuiweka mu telefone," mama alijibu. "Aisikie akiwa amesimama kwenye duka ya watu?"

"Basi nenda. Lakini mtoto abaki na mimi."

"Nikiwa na mtoto sitaanguka njiani. Niachie Zawadi."

Nilisikia jina langu, nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja. Nilichoshika ni kwamba kuna safari. Mama aliponiita, aliniambia tunakwenda Ulaya wakati wa likizo ya Pasaka, tumwone mjomba na tutembezwe mji wa zamani. Nilitangaza shuleni kote. Mwalimu aliniita mbele, akanionyesha Brussels kwenye ramani kwa ncha ya kalamu, nikarudi kwenye dawati langu nikiwa mtu mwingine.

Mjomba Prosper nilimjua kwa picha. Alikuwa mdogo wa mama, wa pekee, aliyekwenda Ubelgiji kusoma kabla sijazaliwa. Picha zake zilikuwa ukutani kwetu: amesimama mbele ya magari, mbele ya majumba, mbele ya sanamu, daima kidevu juu. Nilijua kabisa kwamba majumba yale ni yake. Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, yeye nilimjua kwa sauti. Tulikuwa na kaseti aliyoturekodia, anaimba kidogo, anakohoa, anamuuliza mama kama mtoto anakula vizuri. Baada ya yule mgeni kuja, mama hakuipiga tena kaseti hiyo. Sikuona ajabu. Kaseti huwa zinachosha.

Brussels tulifikia kwenye nyumba ya wageni ya masista, si mbali na stesheni kubwa. Asubuhi ya kwanza mjomba alikuwa anatusubiri mlangoni, amevaa koti refu la kijivu ambalo mikono yake ilimfunika mpaka kwenye vidole. Yeye na mama walishikana kwa nguvu.

"Yaya," alisema mwishowe, maana kwao dada mkubwa ni yaya. "Umekuja kweli." Na akiwa bado amemshika mabega, akauliza, "Mama iko aje?"

"Tutaongea," mama alisema. "Kwanza utuonyeshe muji. Huyu mtoto amelilia Brussels toka Durban."

Sikuwa nimelilia chochote. Nilifungua mdomo nimsahihishe, mama akanibana kiganja.

Sijawahi kutembezwa vile tena maishani. Mjomba alitupeleka kwenye uwanja mkuu wa zamani, ambako nyumba ndefu nyembamba zimebanana bega kwa bega kama watu kwenye picha ya harusi, na dhahabu inang'aa juu kwenye paa. Alitusimamisha katikati akaniambia nizunguke taratibu nizione zote. Alitupeleka kwenye sanamu ya mtoto wa shaba anayekojoa, ambayo umati wenye kamera ulikuwa umeizunguka, na nilipopenyezwa mbele nikaona ni ndogo kuliko mdoli wangu wa nyumbani. "Watu wanatoka Japani kuja kuangalia mtoto anakojoa," mjomba alisema. "Kule kwetu angechapwa." Mama alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo. Alitupitisha kwenye njia iliyoezekwa vioo, yenye maduka ya chokoleti pande zote mbili, tukaenda na kurudi mara kadhaa kwa sababu nje kulikuwa na mvua na ndani tulikuwa tunaweza kunusa bure.

Lakini nilichopenda kuliko vyote ni vichochoro. Katikati ya maelezo yake, mjomba alikuwa akinishika mkono ghafla na kusema, "Kuya," yaani njoo, "iko njia ya mkato," na tukajikuta kati ya kuta mbili, kwenye mawe yenye kuvu, mapipa ya taka na paka. Tulikuwa tunatokea mtaa wa pili, tunasubiri kidogo, ndipo anaendelea na hadithi yake pale alipoiachia. Mara nyingine, kabla hatujakata kona, niliona wanaume wawili wenye kofia na mavazi ya buluu wakija taratibu kwa mbele. Niliwaona na sikuwahusisha na chochote. Tramu hatukupanda hata mara moja, wala treni ya chini ya ardhi. Nilipoomba, mjomba alisema, "Chini ya udongo iko nini ya kuona?" Nilikubaliana naye. Niliwahurumia wazungu waliokuwa wakishuka kwenye zile ngazi, wakikosa vichochoro.

Kila siku alasiri alituaga akisema kazi inamwita. Nilimwona akilini akiingia kwenye ofisi yenye zulia. Viganja vyake vilikuwa vimepasukapasuka na vilinukia sabuni, nikamwambia mama kwamba mjomba ni msafi kuliko baba.

Siku moja tulifika kwenye tao kubwa la mawe katikati ya bustani, lenye farasi wa shaba juu yake. Mjomba, ambaye kila mahali alieleza mambo kwa bashasha, hapo alipunguza sauti. "Hii walijenga na mali ya kwetu," alisema. Mama alisogea akaweka kiganja kwenye jiwe, vile anavyompima mtoto homa. "Iko baridi," alisema, akaondoka.

Na kila siku, mahali fulani kati ya jengo na jengo, mjomba aliuliza tena. Mama iko aje? Miguu inamusumbua bado? Na mama kila siku alijibu, tutaongea, Prosper, ile pale ni nini? Naye akaangalia kule alikoonyeshwa, akaeleza. Jioni mama alikaa kando ya kitanda pale kwa masista, akinong'ona sentensi ileile, anaiacha, anaianza upya akibadilisha neno. Nilidhani anasali. Sasa najua alikuwa akitafuta namna ya kuisema. Na najua pia kwamba mdogo wake naye alikuwa na yake ya kuficha, na kwamba wote wawili walikuwa wakijificha nyuma ya majengo yale mazuri, nami katikati yao nikila gofri.

Siku moja kabla hatujaondoka alitupeleka kilimani, kwenye jengo la mahakama, kubwa kuliko lolote nililowahi kuona, limezungushiwa vyuma vya mafundi. Mbele yake kuna baraza pana la mawe ambako mji wote unauona chini. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Mjomba alikuwa amebeba mfuko wa plastiki kwapani tangu asubuhi. Akatoa ndani yake mtandio wa sufi, mwekundu uliokoza, mpya, karatasi ya duka bado iko.

"Hii ya mama," alisema. "Jioni za Bukavu iko baridi. Umuambie niko muzuri. Umuambie nitakuja."

Mama aliupokea kwa mikono miwili, akaukumbatia tumboni.

"Prosper," alisema, "hakuna mutu wa kuvaa hii."

Mjomba alitabasamu, kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Alifia njiani, wakati walikimbia vita. Kwenye njia ya Walungu. Alichoka, akakaa chini, hakusimama tena."

"Nani alimuzika?"

"Sijue. Watu wa njiani."

"Na wewe ulijua? Siku hizi zote?"

"Nilikuja kukuambia. Ndiyo kazi yangu huku. Ilinishinda."

Mjomba alianza kufungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kutoka juu. Akalivua, akalikunja kwa uangalifu, mikono ndani, akampa mama alishike juu ya ule mtandio. Nilifikiri amesikia joto. Kisha, akiwa na shati jepesi tu, akaketi kwenye mawe yaliyolowa na kutoa sauti. Mabega yalikuwa yanaruka. Nilidhani anacheka, kwa hiyo nami nikacheka, nikimwangalia mama aniambie kitu gani kinachekesha. Mama hakunigombeza. Alinivuta tu, akaniegemeza kwenye paja lake, na tukasimama hivyo huku watalii wakipita wakipiga picha za mji.

Siku hiyo mjomba hakwenda kazini. Alitushusha kilima mpaka kwenye mitaa ambako Wakongomani wana maduka yao, ambako ghafla kulinukia sombe, yaani kisamvu, na mafuta ya nywele kama sebuleni kwetu Glenwood. Aliishi juu ya duka la simu la mwanamke aitwaye Mama Béa, yule aliyekuwa akipokea salamu zetu za simu. Kilikuwa chumba kimoja. Magodoro yalikuwa yamesimamishwa ukutani ili watu wapate pa kukaa. Mwanaume mmoja mrefu aliinuka kutupisha, na mjomba akamkabidhi lile koti lililokunjwa.

"Merci, mukubwa. Haina doa."

Yule mtu alilipokea, akaangalia uso wa mjomba, akalikunjua na kumvika tena mabegani. "Vaa," alisema. "Leo iko yako."

Hapo ndipo nilipojua, kwa namna watoto wanavyojua, kwamba majumba ya kwenye picha si yake. Haikuniuma. Nilikuwa na jambo jingine la kuuliza. Wanawake walikuwa wakipanda ngazi wakileta vyungu, kila mmoja akimshika mama mkono na kumwambia pole, na mmoja wao alikuwa ameanza wimbo wa kanisani. Nilimvuta Mama Béa nguo.

"Koko amekufa?"

Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo sababu mama yako amevuka bahari."

Nilimwangalia mama. Alikuwa ameketi sakafuni karibu na mdogo wake, kitambaa kimetoka kichwani, na alikuwa akilia kwa sauti ambayo sikuwa naijua, nene, kama ya mtu mwingine. Tangu siku ya yule mgeni hakuwa amelia. Alikuwa amemsubiri huyu wamlilie mama yao pamoja. Wanawake hawakumnyamazisha. Waliimba tu, wakapisha sauti yake ipite katikati.

Kesho yake asubuhi, wakati Mama Béa ananichania nywele, niliwasikia mama na mjomba wakiongea polepole. Mjomba alimweleza kwamba masomo yalikatika zamani, pesa za kutoka nyumbani zilipokatika. Alikuwa akiosha vyungu kwenye jiko la mkahawa, jioni mpaka usiku.

"Tuende wote Durban," mama alisema. "Shemeji yako atakupokea. Iko bahari, iko kazi, iko watu ya kwetu mingi."

"Yaya, sina karatasi ya kutoka, na sina ya kubaki."

"Sasa utaishi aje?"

"Vile umeona. Natembea."

Hakutusindikiza uwanja wa ndege. Mama Béa ndiye alikuja nasi. Mjomba aliishia kwenye mlango wa masista, akanibusu utosi, akasimama na mikono mfukoni mpaka teksi ilipokata kona. Nilinuna njia nzima. Niliona ametuonyesha kila kitu kisha akachoka nasi dakika ya mwisho.

Baba alitupokea Durban kwenye joto la mchana. Mama alitoka amejifunika ule mtandio wa sufi, jasho linamtiririka, na baba hakumwambia auvue. Alichukua tu mizigo. Wiki hiyo watu walijaa barazani kwetu, Watanzania wa chuoni na Wakongomani wa mjini, na yule kijana mwembamba naye alikuja, akakaa pembeni. Mama alimpakulia kwanza kabla ya wote. Nilipeleka sahani mimi mwenyewe, na nilipomfikia sikujua nimwangalie wapi.

Vichochoro nilivielewa baadaye sana, nikiwa sekondari. Nilikuwa nimesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, karibu na soko na mwanaume mmoja wa kanisani kwetu, Mkongomani, ananieleza habari za wanawe. Akaona askari wawili wakija upande wetu. Hakumaliza neno. Aliniambia, "Kuya, tupite huku," akaingia njia nyembamba kati ya maduka mawili, nami nikamfuata, na katikati ya njia ile, kwenye harufu ya mapipa, nilisimama. Aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana, nimekumbuka mtu.

Mjomba Prosper alikaa Brussels miaka mingi hivyo. Alipiga simu kila Jumapili, na mama kila Jumapili alimuuliza kama amekula. Hatimaye karatasi zikatoka, na tukajua atakuja Durban, mama akaosha mapazia ya chumba cha wageni. Hakuja. Alikwenda Bukavu kwanza, na kutoka Bukavu akafuata njia ya Walungu, kijiji kwa kijiji, akiuliza kuhusu mama mzee aliyeketi chini wakati wa vita.

Nilikuwa nimekuja kumtembelea mama siku simu ile ilipoingia. Alikuwa uani anaanua nguo, simu ya mkononi ikalia, akaiweka sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa imejaa mashuka.

"Yaya," mjomba alisema. "Niko hapa."

"Fasi gani?"

"Chini ya kilima, pembeni ya barabara. Mama mumoja wa hapa amenileta. Anasema ni wao walimuzika. Walimufunika na kitenge yake mwenyewe, na wakaomba."

Mama aliweka mashuka kwenye majani, akaketi juu yake.

"Niambie unaona nini."

Akamwambia. Alisema kuna migomba, na nyuma ya migomba kuna mto mdogo unaosikika lakini hauonekani. Kuna mbuzi wawili wamefungwa. Watoto wanapita wakitoka shule, wamesimama kumwangalia. Kwa mbele milima iko na ukungu, na udongo ni mwekundu, na mtu amepanda maharage mpaka karibu na pale, lakini pale penyewe wameparuka, hawakulima. Alieleza polepole, kitu kimoja baada ya kingine, bila kuacha, na mama alifumba macho akigeuza kichwa kidogo kila alipotaja kitu kipya, kama vile anakiangalia.

Tulisikia upepo kwenye simu. Kisha mjomba akasema mvua inakuja, na kijana wa pikipiki anamwita, afadhali waanze kurudi.

"Huyo kijana angoje," mama alisema. "Umuambie nimesema angoje. Wewe kaa na mama kidogo."